Sayari ya Chumba cha Kati

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi baridi kali, anga safi, upepo kidogo kutoka nyuma ya kuba. Majani ya mlangoni yamegandiwa na umande mweupe.

Nimepanda kituoni leo. Zamu yangu ni ile ile: siku nane huku juu mlimani, siku nne chini kwa dada. Siku zile nne dereva wa kituo ndiye anayenishikia kazi, na kila nikirudi nakuta vikombe vyote vichafu na redio iko kwenye stesheni ya mpira.

Kwa kuwa daftari hili ni jipya, naandika kazi yangu ilivyo, ili hata nikilisoma uzeeni nielewe. Chini ya kuba lenye darubini kuna vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine, kama sufuria zilizopakatana. Kile cha ndani kabisa kina chombo kinachopasua mwanga wa nyota ukawa rangi. Chombo hakitaki joto, hakitaki baridi, hakitaki kuguswa. Saa mbili asubuhi naingia kukimiminia naitrojeni, ile ya maji inayofuka moshi, na ndiyo maana wananiita Mama Barafu. Nasoma kipimajoto, naandika. Saa kumi na mbili jioni nasoma tena, naandika, nafunga. Kipimajoto kilichokuwa kikijiandikia chenyewe kilikufa mwaka jana. Siku hizi kinachoandika ni mkono wangu. Baada ya kufunga, mtu yeyote haruhusiwi kuingia mpaka asubuhi.

Anayevunja sheria hiyo ni mimi. Saa moja jioni ndiyo saa aliyokuwa akinipigia mama. Miaka kumi na moja hakuruka hata siku moja: umekula, umevaa soksi, haya lala. Tangu tumzike Novemba, saa moja ikifika nachukua ufunguo, naingia chumba cha kati, nakaa kwenye kiti kilichoachwa na mafundi. Kuta zake ni nene, mtandao haupiti. Simu isipolia humo, ni kwa sababu ya kuta. Saa tatu natoka. Sigusi kitu.

Nimekaa leo. Nalala saa nne na nusu.

Jumanne, 3 Juni

Anga safi. Kipimajoto sawasawa asubuhi na jioni. Nimekaa. Nalala saa nne.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi. Yule binti mtafiti aliyekuja Aprili amepita jikoni akipiga miayo, hakusalimu. Nimemsalimu mimi, mtu wa umri wa mama yake, akaitikia kwa kidevu. Kikombe chake kakiacha juu ya daftari langu la kazi, kimechora duara la chai kwenye Machi yote. Nimekaa. Nalala saa nne na robo.

Jumatatu, 9 Juni

Mawingu asubuhi, jioni yameondoka. Nimekaa. Kesho nashuka.

Alhamisi, 12 Juni

Kwa dada. Watoto, televisheni, mlango kugongwa kila dakika. Simu yangu kimya, lakini nyumba hii haina nafasi ya mtu kuusikia ukimya huo.

Jumamosi, 14 Juni

Anga safi, jua halina nguvu. Njiani dereva amenichekesha.

“Popo wako jana ameamka saa kumi jioni,” alisema. “Ananiuliza asubuhi ilikuwaje. Nikamwambia ilikuja, ikakuulizia, ikakukosa.”

“Popo gani?”

“Huyo mtafiti. Nimempa jina mwenyewe. Kalikubali.”

Nimeosha vikombe tisa. Tuko watatu tu kituoni, sijui tisa wanatokea wapi. Nimekaa. Nalala saa tano kasoro.

Jumanne, 17 Juni

Baridi kali tena, maji ya bomba yameganda mpaka saa tatu.

Mtafiti ameongea na mimi leo. Nilikuwa natoka kumimina naitrojeni, yeye ndiyo anamaliza usiku wake, akaniuliza kipimajoto kimesomaje. Nikamwambia nyuzi kumi na saba nukta sufuri sufuri, kama jana, kama juzi. Akasema, “Shangazi, bila mkono wako mimi sina kazi.” Nilidhani ananitania, kumbe anamaanisha. Tukakaa.

“Sayari yenyewe huwezi kuiona,” alisema. “Nyota inang’aa mno. Ni kama kumtafuta nzi kwenye taa ya mbele ya lori.”

“Sasa unaipataje?”

“Umewahi kumshika mtoto mikono ukamzungusha?”

“Watoto wa dada, mpaka mgongo ukanikatalia.”

“Basi ukimzungusha, wewe nawe husimami wima. Unavutwa kidogo huku, kidogo kule. Sayari inaizungusha nyota hivyo hivyo. Nyota ikija upande wetu, mistari iliyo kwenye rangi zake inasogea kidogo kuelekea buluu. Ikienda, inasogea kuelekea nyekundu. Mimi napima kule kusogea.”

“Inakimbia sana?”

“Hii yangu? Mita tatu kwa sekunde. Mwendo wa mtu anayewahi dirisha la ofisi kabla halijafungwa.”

“Nyota nzima?”

“Nyota nzima, Shangazi.”

Kumbe hasalimu kwa sababu asubuhi huwa haoni mbele. Anaipima nyota yake kuanzia saa sita usiku mpaka saa nane. Kabla ya hapo darubini ni ya watu wa vyuo, wanaiendesha kwa kompyuta wakiwa makwao. Kuna taa maalumu ya kuhakikisha chombo hakijasogea, ila imezeeka, kwa hiyo wanaiwasha jioni na alfajiri tu, waivushe mpaka ije mpya. Katikati ya usiku wanaamini chombo kimetulia.

Nimekaa. Nalala saa nne.

Jumamosi, 21 Juni

Anga safi kupita kiasi.

Popo hakulala. Nimemkuta saa mbili asubuhi amesimama jikoni na koti, kashika karatasi.

“Siku kumi na mbili,” alisema. “Inakuja, inaenda. Siku kumi na mbili, tangu Aprili. Nimeshaipiga hesabu mara nne.”

“Ni sayari?”

“Usiitamke kwa nguvu, isije ikatusikia.” Halafu akakaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. “Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Agosti. Mkuu wa kituo amesema ikithibitika wananiongezea miaka mitatu. Isipothibitika, narudi kufundisha hesabu watoto wanaotafuna kalamu.”

Nikamuuliza kama vipimo vya zamani vinaionyesha. Akasema vya mwaka juzi havionyeshi kitu, lakini wakati ule chombo kilikuwa hakijarekebishwa, vipimo vilikuwa na chenga.

Nimempikia uji. Nimekaa jioni kama kawaida. Humo ndani nilikuwa nawaza jinsi kitu kikubwa hivyo kinavyoyumbishwa na kitu ambacho hakionekani. Nalala saa tano. Kesho nashuka.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepanda jana. Upepo. Nimekaa jana na leo.

Jumamosi, 28 Juni

Mawingu mepesi asubuhi.

Saa moja jioni nilikuwa nimeshashika ufunguo, Popo akanikuta ukumbini na bakuli mkononi.

“Shangazi, kula peke yangu kumenichosha. Njoo unitazame.”

“Nikutazame una nini?”

“Basi nitakutazama wewe.”

Chakula changu cha usiku ndicho chai yake ya asubuhi. Yeye anakula mkate na mayai, mimi wali, meza moja. Ametoa karata. Nimemfunga mara tano, mara ya sita kaanza kubishana kuhusu sheria. Nilipoangalia saa ilikuwa saa tatu na nusu. Sikukaa leo. Nalala saa nne.

Jumanne, 1 Julai

Anga safi. Karata. Kanifunga, na ameiba, nimemwona. Sikukaa. Nimelala saa nne, sikumbuki hata kuzima taa.

Jumatano, 9 Julai

Nimepanda jana. Siku zile nne chini niliziona ndefu, jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Karata jana na leo. Ananiuliza mambo ya mama. Nimemweleza habari ya soksi. Hakusema pole, alisema, “Na ulikuwa umevaa kweli au ulikuwa unamdanganya?” Nikasema nilikuwa namdanganya. Tumecheka mpaka Mkuu akachungulia. Mkuu wa kituo ni mtu wa kuchungulia, hasemi, anaondoka. Huwa namwogopa.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi imepungua, anga safi.

Popo hana raha. Chakula hakikuliwa. Nyota imemkatalia, ndivyo alivyosema. Kuanzia mwisho wa Juni haifuati mstari. “Inatakiwa iwe inakwenda, naikuta imesimama. Kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.”

Nikamwambia nyota nazo zina siku zao. Nikampa karata, akazishika bila kuziangalia. Nimekaa naye mpaka saa nne ili asikae peke yake.

“Usinikasirikie, Shangazi,” alisema. “Kesho nitakula kwenye kompyuta. Lazima nitafute kosa liko wapi.”

Jumanne, 15 Julai

Amekula kwenye kompyuta. Nimekula jikoni, nikaongea na birika. Nalala saa sita.

Jumatano, 23 Julai

Nimepanda Jumapili. Ukungu asubuhi, ukaondoka saa nne.

Mlango wake umefungwa kuanzia jioni. Nagonga, naacha sahani. Asubuhi nakuta sahani nje, imeoshwa, ndiyo salamu yenyewe.

Nimerudi chumba cha kati tangu Jumapili. Nilidhani nimeshaachana nacho. Kiti kiko pale pale. Pampu inanguruma nyuma ya mlango wa tatu, mngurumo mmoja usiobadilika, na baada ya muda unasahau kama ni yenyewe au ni wewe. Leo nimekaa mpaka saa nne kasoro. Nalala saa saba.

Jumapili, 27 Julai

Anga safi. Nimekaa. Kesho nashuka.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepanda Ijumaa. Asubuhi nzuri, ndege wamerudi kwenye paa la jenereta.

Mlango wa Popo uko wazi. Ameniita kwa sauti toka mwisho wa ukumbi. Nyota imerudi kwenye mstari, tangu tarehe 20 Julai, kama mtu aliyekumbuka njia. Siku kumi na mbili nukta sufuri. Mkuu ameshawaandikia watu wa wizara na waandishi wa habari, tarehe 22 wanakuja, sayari itatangazwa. Popo amenikumbatia na koti langu la kazi lenye harufu ya mafuta.

“Na jioni?” nikamuuliza. “Karata?”

“Nimalize makala kwanza, Shangazi. Wiki moja tu. Wiki moja.”

Nimekaa. Nalala saa tano.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi mawingu, jioni safi. Naandika usiku.

Popo amebandika grafu kwenye mlango wa friji. Nukta nyeusi nyingi, mstari mwekundu unapanda na kushuka katikati yake. Kuna sehemu amezungushia kalamu, nukta zimelala chini ya mstari: kuanzia 28 Juni mpaka 15 Julai. Aliniomba nitazame daftari la kazi kama siku hizo kulikuwa na hitilafu yoyote. Umeme, naitrojeni, kipimajoto. Nimetazama ukurasa kwa ukurasa. Hakuna. Kumi na saba nukta sufuri sufuri, asubuhi na jioni, siku zote.

Nimemaliza, nikarudi chumbani, nikalifungua hili daftari langu niandike ya leo. Nikataka tu kuona ni lini tulianza kula pamoja. Nikafunua nyuma. Ni tarehe 28 Juni.

Nilibaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja. Halafu nikachukua rula na karatasi ya miraba, kama tulivyofundishwa shule, nikaandika tarehe zote chini, na juu ya kila tarehe nikaweka alama: nimekaa, sikukaa. Siku nane alama juu, siku nne nipo kwa dada, alama chini. Nane, nne. Jumla kumi na mbili. Tarehe 28 Juni alama zinaanguka. Mpaka 15 Julai ziko chini. Tarehe 20 Julai zinapanda tena. Nikaenda jikoni saa tano usiku, nikaishika karatasi yangu kando ya grafu ya friji.

Yeye amechora kwa kompyuta, mimi kwa kalamu ya risasi. Ni mchoro mmoja. Joto la mwili wangu linakifikia chombo, mistari inasogea, naye anadhani ni nyota.

Asubuhi na jioni nasoma kipimajoto mwenyewe, na saa ninazosoma joto langu linakuwa halijafika au limeshaondoka. Ile taa ya kuhakikisha chombo nayo inawashwa saa hizo hizo. Na mwaka juzi mama alikuwa hai, mimi nilikuwa chumbani kwangu naongea na simu.

Sijalala. Saa kumi alfajiri nimesikia Popo anarudi chumbani kwake. Anaimba.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikuangalia hali ya hewa.

Nimemuuliza Popo akiwa anakula: “Mtu akikaa mahali, anatoa joto kiasi gani?”

“Wati mia. Kama balbu ya zamani.”

“Na ukuta mnene likipita linachukua muda gani?”

“Inategemea. Saa nne, tano. Unataka kujenga?”

Nikasema dada anajenga. Nimedanganya kwa urahisi kama habari ya soksi. Leo sikukaa. Nimelala nimevaa nguo, saa siijui.

Jumapili, 10 Agosti

Kwa dada tangu jana. Mvua ndogo, ya ajabu kwa mwezi huu.

Nimemwambia dada kila kitu, tukikunja nguo.

“Wewe umekaa kwenye kiti,” alisema. “Nani amewahi kufungwa kwa kukaa?”

“Nitafukuzwa kazi.”

“Ukisema, ndiyo. Kwani ukinyamaza? Sayari haipo, basi haimdhuru mtu. Ingekuwepo pengine ingetudai kitu.”

“Wataipima wengine, dada. Kwa vyombo vingine, kwingine, mahali ambapo mimi sikai. Hawataiona. Na watauliza nani aliyeitangaza, na jina litakuwa la yule binti.”

Dada alikunja shuka peke yake, ncha kwa ncha, hakuniomba nishike upande wa pili.

“Saa moja jioni,” alisema. “Mimi saa hiyo nakuwa hapa hapa nakaanga vitunguu. Namba yangu unayo. Kwa nini hukunipigia mimi?”

Nilikunja shati lililobaki. Nimelala saa nane usiku, nyumba nzima ikikoroma.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi safi, baridi ya mwisho mwisho. Dereva alinitania njiani, nikashindwa hata kutabasamu, akazima redio mwenyewe.

Nilimngoja Popo aamke. Saa kumi na nusu jioni alitoka na nywele zimesimama. Nikamwambia akae. Nikaweka karatasi yangu ya miraba mezani.

“Hii nini?”

“Alama za juu ni jioni nilizokaa chumba cha kati. Saa moja mpaka saa tatu.”

“Chumba kipi cha kati?”

“Unakijua.”

Aliitazama. Niliona macho yake yakienda kushoto kulia, kushoto kulia, halafu yakasimama mwishoni mwa Juni. Akainuka, akabandua grafu kutoka kwenye friji, akaziweka pamoja. Akazisogeza mpaka tarehe zikalingana.

“Tangu lini?”

“Novemba.”

“Kila jioni?”

“Kila jioni nikiwa zamu. Isipokuwa zile tulizokula pamoja.”

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Sikuwa nimepanga kulisema hivyo. Ni ukweli tu, ndivyo tarehe zinavyosema: nilipokuwa na mtu wa kula naye, nyota ilisimama. Alipojifungia kuitafuta, ikaanza kwenda.

“Wiki iliyopita,” alisema polepole, “uliniuliza habari za ukuta wa dada yako.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua siku moja.”

“Mimi nimeshawaambia wazazi wangu. Nimeshawaambia nyumbani kwamba nabaki.” Sauti haikupanda. Ningependa ingepanda. “Unajua kitu gani kinaniuma? Siku kumi na mbili nukta sufuri. Nukta sufuri. Nilipaswa kushtuka. Sayari haina sababu ya kufuata zamu za mtu. Niliipenda ile sufuri, ndiyo maana sikuiuliza.”

Akachukua karatasi zote mbili, akaondoka nazo. Jioni sikuingia chumba cha kati. Nilikaa chumbani na mlango wazi. Hakupita. Usingizi nimeupata saa kumi.

Alhamisi, 14 Agosti

Anga safi. Amegonga saa kumi na mbili jioni na kipimajoto kidogo mkononi.

“Kiweke chini ya kiti,” alisema, akitazama fremu ya mlango. “Leo ingia. Saa moja mpaka saa tatu kamili. Kesho usiingie. Keshokutwa usiingie. Jumapili ingia.”

“Kwa nini hivyo?”

“Zamu yako ninaivunja. Kama ni wewe, nyota itakufuata wewe, siyo kalenda.”

Nimekaa, kwa agizo. Nilikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Miezi tisa nimekaa kwenye kiti kile na sikuwahi kuona aibu mpaka leo kilipowekewa kipimo chini yake. Nalala saa tano.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukaa.

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo. Sikukaa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekaa. Nyuzi zimepanda nusu nzima chini ya kiti.

Jumanne, 19 Agosti

Anga safi. Jana nilikaa, leo sikukaa. Sahani yake asubuhi ilikuwa nje, haikuoshwa.

Jumatano, 20 Agosti

Mawingu mazito, ya kwanza msimu huu.

Nyota imenifuata. Tarehe 14, 17, 18 imekwenda. Tarehe 15, 16, 19 imesimama. Popo alinionyesha saa mbili asubuhi, kwa kidole, halafu akasema twende kwa Mkuu, wote wawili.

Mkuu alisoma kurasa mbili alizoandika Popo, akarudia. Alinyanyua simu, akamwambia mtu wa wizara kwamba shughuli ya tarehe 22 haipo. Akaweka simu chini taratibu. Nilikuwa nimeshaandaa mikono ya kupokea barua ya kufukuzwa.

“Ulikuwa unachaji simu humo?” aliniuliza.

“Hapana, mzee.”

“Unalala?”

“Silali. Nakaa.”

“Na nani?”

“Peke yangu.”

Akavua miwani, akaifuta na tai. Alisema nitapewa onyo la maandishi, ufunguo nirudishe leo hii, na kuanzia sasa mlango utafunguliwa kwa saini mbili. Nikasema asante, maana nilitegemea kufukuzwa. Popo alisema anaelewa habari ya mkataba wake. Mkuu akasema ndiyo, hana namna, miaka mitatu ilikuwa ya sayari.

Tulipofika mlangoni akasema, akiwa anatazama dirisha, “Mimi huwa nakaa kwenye gari.”

Tukageuka.

“Jioni. Pale nyuma ya jenereta. Siwashi injini.” Akarudisha miwani. “Haya, nendeni.”

Miaka sita nimekuwa nikimpisha yule mtu ukumbini kama anayebeba sufuria ya moto.

Nimeshuka mchana na dereva, siku moja mapema. Nalala kwa dada, saa tatu, mapema kuliko watoto.

Jumanne, 26 Agosti

Nimepanda jana. Mawingu yanaingia kila alasiri, msimu unafunga.

Popo ameandika taarifa kwa ajili ya vituo vingine vyenye vyombo kama chetu, wasije wakaingia mahali tulipoingia. Alinisomea jikoni. Kuna mstari unasema: chanzo cha joto ni mtu mmoja, ameketi, kwa muda wa saa mbili kila jioni.

“Niweke jina lako?” aliuliza.

“Andika mtu.”

“Ndivyo nilivyoandika.” Alikunja karatasi. “Nilikuchukia siku tano, Shangazi. Ya sita nilikuwa na kazi nyingi.”

“Na ya saba?”

“Ya saba niliosha sahani, hukuiona?”

Niliiona. Sikuwa na uhakika kama ni yeye au ni dereva, ila dereva haoshi. Nalala saa nne.

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi anga nyeupe, mvua inanukia lakini haijashuka. Naandika haya baada ya usiku mzima.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba. Saa tano na nusu usiku Popo aligonga. “Vaa koti,” alisema. Nikafuata. Miaka kumi na miwili nafanya kazi chini ya darubini ile na sikuwahi kukaa kwenye chumba cha kuiendeshea usiku. Ni chumba kidogo, skrini nne, kiti kimoja kizuri na kimoja kibovu. Alinipa kizuri.

“Hapa kaa utakavyo,” alisema. “Hiki chumba hakisikii joto.”

Alifungua nyota yake. Nilitegemea kitu, sijui nini. Kwenye skrini ni doa, halafu doa likapasuliwa kuwa mistari mingi ya rangi, na ndani ya rangi kuna nyuzi nyeusi nyembamba, maelfu. Dakika ishirini kukusanya mwanga. Halafu namba ikatokea.

“Inasemaje?”

“Sufuri nukta tatu. Imesimama.”

“Hakuna kitu kabisa pale?”

“Hakuna ninachoweza kukipima. Iko yenyewe.”

Aliandika namba ile kwenye kitabu, vizuri, kwa wino, ingawa hakuna mtu atakayeiomba.

“Tupime tena?” akasema.

“Ya nini, mwanangu?”

“Ina saa mbili kabla haijashuka.”

Tukapima tena. Sufuri nukta moja. Tukapima tena. Kati ya kipimo na kipimo alinionyesha nyuzi zipi nyeusi ni za chuma na zipi ni za chumvi. Mara ya sita nyota ilikuwa imeshazama kwenye ukungu wa chini, skrini ikawa nyeusi, na tukabaki tumekaa vile vile, hakuna aliyekuwa na la kusubiri.

Saa kumi na mbili na nusu dereva alipiga honi. Mabegi mawili na kasha la vitabu. Dereva alisema, “Popo, leo umeiona asubuhi, usiisahau sura yake,” yeye akacheka kidogo, akanishika mikono yote miwili kwenye baridi ile akaishikilia mpaka dereva akawasha gari. Hakuniahidi kupiga simu. Namshukuru kwa hilo.

Nimesikiliza gari mpaka kona ya tatu, baada ya hapo halisikiki. Saa mbili Mkuu amekuja kutia saini, tumefungua mlango pamoja, nimemimina naitrojeni, kumi na saba nukta sufuri sufuri, nimeandika. Kiti cha mafundi hakipo, wamekiondoa.

Nalala saa tatu kasorobo asubuhi.